Mulika jino kabla halijatoboka

Kabla ya shimo hutangulia doa jeupe: pale ambapo asidi ya bakteria wanaokula sukari imeanza kunyonya madini ya enameli, tabaka gumu la nje la jino. Doa haliumi, na likigunduliwa mapema huweza kusimamishwa bila kutoboa wala kung'oa jino. Katika Palma, Quionga na Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, ambako mashambulizi yaliyoanza Oktoba 2017 yalifunga vituo vya afya na kutawanya familia, kuwahi huku ni kinga kubwa. Kifaa cha kuanzia ni mwanga.

1. Safisha, kisha kausha

Mtoto apige mswaki kwanza, maana ukoga hufunika doa. Mketishe akielekea mwanga wa mchana, nawa mikono, inua mdomo wake wa juu, futa meno kwa shashi au pamba safi, kisha subiri sekunde 5. Enameli hupinda mwanga kwa kipimo cha 1.62, maji 1.33, hewa 1. Vitundu vilivyoachwa na madini vikijaa mate, doa hujificha. Vikijaa hewa, mwanga hutawanyika na weupe hujitokeza. Kwa hiyo doa linaloonekana jino likikauka tu bado ni changa. Linaloonekana hata jino likiwa na mate limeshaingia ndani zaidi.

2. Tazama panapoanzia

Kwa mtoto mdogo, anza na meno ya juu ya mbele, pembeni mwa ufizi. Akikaribia miaka 6, chungulia nyuma kabisa. Gego la kwanza la ukubwani huota hapo bila jino lolote kung'oka, hivyo wengi hulidhania la utotoni na kuliacha lioze. Liking'oka, halina mbadala.

3. Mulika kwa nyuma

Kivulini, weka tochi ndogo nyuma ya meno ya mbele, nawe utazame kwa mbele. Sehemu nzima hupitisha mwanga. Iliyooza huonekana kama kivuli cheusi, hasa kati ya jino na jino. Taa ya kukagulia noti bandia usiitumie kinywani, kwa kuwa mionzi yake hudhuru macho.

4. Pambanua madoa

Madoa yanayotokana na floraidi nyingi kwenye maji ya kunywa kwa kawaida hulingana kulia na kushoto. Doa la kuoza hufuata ufizi au mifereji ya magego. Rangi ya tambuu au kahawa hukaa juu ya jino gumu lenye uso nyororo. Usichokoe doa kwa sindano. Utavunja ngozi ya juu ambayo bado yaweza kuokolewa.

Maabara huona nini zaidi?

Chini ya mwanga wa zambarau wa nanomita 405, jino zima hung'aa kijani na mabaki ya bakteria hung'aa mekundu. Spektroskopia ya Raman, iliyotokana na ugunduzi wa mwanafizikia C. V. Raman wa mwaka 1928, husoma mwanga unaotawanywa na jino ili kuchunguza fosfati ya enameli, ambayo mstari wake hutokea kwenye 960 kwa sentimita. Enameli ni madini kwa takriban asilimia 96 ya uzito wake. Yakipungua, mstari nao hufifia. Mganga anayetaka kupeleka jino lililong'olewa likapimwe anapaswa kulihifadhi kwenye maji yenye thaimoli kidogo (kiua vijidudu), mahali pa baridi. Likikauka hupasuka.

5. Chukua hatua

Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi ya ppm 1,000 hadi 1,500; soma kwenye kasha. Chini ya miaka 3 tumia kiasi cha punje ya mchele, miaka 3 hadi 6 punje ya mbaazi. Mtoto ateme, asisukutue. Punguza chai ya sukari na vitamu kati ya milo. Andika tarehe na mahali pa doa, ukague tena kila mwezi.

Shimo likishafunguka, nenda kituo cha afya ukaulizie *estomatologia*, yaani huduma ya kinywa na meno. Uliza kuhusu SDF, dawa ya fedha na floraidi iliyoingizwa na WHO kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Husimamisha kuoza, ingawa huacha weusi. Uliza pia kuhusu ART, mbinu iliyoanzia Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1980, ambayo husafisha na kuziba jino kwa vifaa vya mkono, bila umeme. Lakini shavu likivimba na mtoto akawa na homa, usingoje ukaguzi wowote: mpeleke siku hiyo hiyo.