Dondoo muhimu: Kompyuta ya kukunja, anza na bawaba

Unatoka Upanga kwenda Kariakoo kununua kompyuta mpakato nyembamba inayogeuka tableti? Umbo hilo lilipata umaarufu mwaka 2012, Lenovo ilipotoa Yoga yenye bawaba za nyuzi 360. Ni umbo zuri, ila limebebwa na bawaba mbili tu, kwa hiyo anza nazo. Fungua kioo, kigeuze taratibu mpaka kilale mgongoni. Ukisikia mkwaruzo, au ukiona pembe ya fremu imeachia upenyo hata wa kupitisha ukucha, irudishe. Kisha isimamishe mezani na uguse kioo kwa kidole. Kikiyumba sana, kuandika juu yake kwa kalamu ya kioo kutakutesa.

Kibodi ijaribu kwa kuandika aya nzima, si jina lako tu. Ikiwa katika hali ya tableti, vitufe havipaswi kuandika chochote.

Omba kuitoa mlangoni, juani. Vioo vingi vya kugusa hung'aa kama vya kujitazamia, na ukikaa barazani hutasoma neno.

Joto la Dar es Salaam nalo halina huruma. Icheze video nusu saa, halafu shika tumbo lake kwa kiganja uone kama linaunguza.

Uliza ramu. Kwenye mashine nyembamba mara nyingi imechomelewa kwenye ubao, haiongezeki. GB 8 za leo ndizo utakazobaki nazo. Hesabu na matundu, maana projekta nyingi bado zinataka HDMI.

Tafadhali, usiondoke dukani bila risiti yenye namba ya mashine na muda wa dhamana.