NANI ATAMWAMBIA MWENZAKO?



Karatasi hii umepewa mkononi, pengine mwaloni, pengine sokoni, pengine ulikuja tu kusikiliza vyombo vya muziki vya mkutano wa Injili. Najua karatasi kama hizi huishia kufungia karanga. Mimi mwenyewe kabla sijaokoka nimefungia nyingi. Lakini hebu isome kwanza mpaka mwisho, maana sikuiandika ili nikugombeze. Nataka kujibu swali ambalo vijana mnatuuliza kila siku vijiweni: "Nyie walokole mbona hamnyamazi? Mtu akiokoka si akae na wokovu wake nyumbani kwake?"

Ni swali zuri. Nitalijibu kwa kukusimulia kwanza siku ambayo mimi NILINYAMAZA.

SIKU NILIYONYAMAZA

Nilimaliza darasa la saba nikaingia ziwani kama vijana wengi wa Kirando. Siku hizi wengi wanavua kwa taa za sola na betri, lakini miaka ile tulivua dagaa kwa karabai za mafuta ya taa. Usiku wa giza tunatoka, mwezi ukiwa mkubwa tunakaa nchi kavu. Na hizo siku za mwezi ndizo zilizokuwa zinaniharibu. Hela yote ya dagaa iliishia kwenye pombe na wanawake. Kiunoni nilifunga hirizi ya mganga, eti nisizame, tena dagaa waje kwenye taa yangu wawaache wenzangu.

Nilikuwa na rafiki. Tulivua chombo kimoja, tukala sahani moja, tukalala mkeka mmoja. Hirizi alifunga kama yangu. Usiku mmoja tuliiba karabai ya mzee mmoja wa mwalo wa jirani, tukaiuza, tukanywa.

Basi siku moja nikaenda kwenye mkutano wa Injili, nia yangu kuangalia wasichana. Neno likanishika. Nikatoka mbele nalia, nikavua ile hirizi, ikachomwa moto. Sitakudanganya kwamba kiu ya pombe iliisha saa ile ile. Ilipigana na mimi majuma kadhaa, lakini Yesu alinishindia.

Rafiki yangu hakuwepo siku hiyo, alikuwa kambi ya mbali. Aliporudi nikasema moyoni, nitamwambia, lakini si leo. Nikaona atanicheka. Jumapili ikapita, ya pili ikapita. Kisha akaamua kwenda Kigoma kutafuta maisha.

Wakati ule meli ya Liemba ilikuwa inapita kwetu. Haikufunga gatini; ilisimama majini, abiria wakapelekwa kwa mitumbwi. Mimi ndiye niliyempeleka. Tukiwa katikati ya maji akaacha kupiga kasia, akaniangalia, akasema: "Ndugu yangu, siku hizi umekuwaje? Hunywi. Hirizi huna. Kuna nini?"

Nikamjibu: "Nimechoka tu."

Akapanda meli. Tangu siku ile sijamwona. Nimeulizia Kigoma, nimeulizia kwa watu wanaotoka Kalemie ng'ambo ya Kongo, hakuna anayejua habari zake. Labda ameokoka huko aliko. Labda amekufa. Mungu ndiye ajuaye. Mimi ninachojua ni kwamba aliniuliza kwa kinywa chake, nami nilikuwa na jibu, nikalificha.

Kijana mwenzangu, ndiyo maana sinyamazi.

HABARI YENYEWE NI IPI?

Huenda unasema, "Sawa, lakini hiyo habari unayotaka kuniambia ni nini?" Ni hii. Mungu alikuumba akakupenda. Dhambi imekutenga naye, na wewe mwenyewe unaijua dhambi yako, huhitaji mimi nikutajie. Mtu aliyeanguka majini usiku hawezi kujiokoa kwa kushika mikono yake mwenyewe. Lazima aliye ndani ya chombo anyooshe mkono. Yesu Kristo ndiye mkono huo. Alikufa msalabani kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, siku ya tatu akafufuka (1 Wakorintho 15:3-4). Anayemwamini na kutubu anasamehewa BURE. Hadaiwi kuku mweusi, hadaiwi hela.

Sasa jifunze mambo manne juu ya habari hii na jinsi inavyosafiri.

SOMO LA KWANZA: HABARI NJEMA HUBEBWA NA WATU

Mwaka 1885 katika Ziwa letu Tanganyika ilishushwa meli ya mvuke ya shirika la wamisionari wa Kiingereza lililoitwa London Missionary Society. Unajua iliitwaje? Good News, yaani Habari Njema! Vipande vyake vilitoka Uingereza kwa bahari. Lakini kutoka Ziwa Nyasa mpaka Ziwa Tanganyika hapakuwa na reli wala lori. Wapagazi Waafrika, watu kama baba zako na baba zangu, walitoa jasho kuvileta vyuma vile safari nzima ya nchi kavu, mpaka vikaunganishwa upande wa kusini wa ziwa.

Meli ile imekwisha zamani. Lakini jinsi ilivyofika ndivyo Injili inavyofika mpaka leo. Paulo anauliza, kama hakuna wa kuipeleka, watu wataisikia wapi? (Warumi 10:14). Soma pia Matendo 10. Kornelio alitokewa na malaika kabisa! Lakini malaika yule hakumhubiri. Alimwambia atume watu Yafa wakamwite Petro, ambaye alikuwa mgeni katika nyumba iliyo karibu na bahari. Kazi hii Mungu ameipa wanadamu. Usipoifanya wewe, usitegemee malaika atakuja mwaloni kumwamsha rafiki yako.

SOMO LA PILI: ALIYEOKOLEWA NDIYE SHAHIDI

Katika Marko 5 kuna mtu wa ng'ambo ya ziwa la Galilaya. Alikaa makaburini, akajikatakata kwa mawe, minyororo akaikata. Yesu akavuka kwa chombo, akamfungua. Yule mtu akaomba apande chomboni aende na Yesu. Yesu akamkatalia! Akamtuma arudi nyumbani kwa watu wake akawaeleze Bwana aliyomtendea. Hakuwa amesoma chuo cha Biblia. Hakuwa na suti. Lakini alikwenda, akazunguka miji ya Dekapoli, watu wakastaajabu.

Na hata huku kwetu yuko mtu wa namna hiyo. Nenda Karema, mwambao huu huu kaskazini ya Kirando, ambako leo ni Mkoa wa Katavi, uwaulize wazee habari za Adrien Atiman. Alizaliwa mbali sana, karibu na Timbuktu, nchi inayoitwa leo Mali. Akiwa mtoto aliibwa, akavushwa jangwa, akauzwa kama mbuzi. Mapadri Weupe wakamkomboa kwa fedha. Wakamsomesha, akajifunza uganga wa hospitali kisiwani Malta. Mwaka 1889 akafika Karema. Angeweza kusema, "Mimi nimeteseka vya kutosha, sasa nakula maisha yangu." Hakusema hivyo. Alikaa Karema kama katekista na daktari wa watu, akaoa binti wa huku, akatibu wagonjwa na kufundisha habari za Kristo mpaka alipokufa mwaka 1956. Hesabu mwenyewe, ni miaka 67!

Atiman alikuwa Mkatoliki, mimi ni wa Kipentekoste. Sikuletei ugomvi wa madhehebu hapa. Nataka uone kitu kimoja: aliyekuwa mtumwa akakombolewa, akawatafuta wengine. Mtu anayejua alitolewa wapi hawezi kuona wenzake wako kule kule akapita kimya.

SOMO LA TATU: LIPA KARABAI YA WATU

Baada ya rafiki yangu kuondoka nilijuta, nikaanza kuhubiri mwaloni kwa sauti kubwa. Siku moja nikiwa katikati ya maneno akaja yule mzee tuliyemwibia. Nikamsalimu, "Shikamoo mzee." Akasema, "Marahaba mwanangu. Umemaliza? Sasa karabai yangu iko wapi?"

Watu walicheka mwalo mzima. Nilitamani ardhi ipasuke nimezwe. Kumbe alijua siku zote.

Nikanyamaza kuhubiri, lakini safari hii kwa sababu nzuri. Nilivua giza mbili nzima nikiweka hela, nikaenda nyumbani kwake jioni, nikapiga magoti, nikamlipa karabai yake na mafuta yaliyokuwamo. Zakayo alirudisha mara nne (Luka 19:8), mimi uwezo wangu uliishia pale. Mzee akahesabu hela, akanyamaza kitambo. Kisha akaniuliza, "Nani amekutuma uje?" Nikasema, "Yesu." Akanivutia kigoda, akasema, "Basi kaa, uniambie habari zake."

Mzee hakuokoka siku ile, na bado namwombea. Lakini mlango wake uko wazi kwangu, na mjukuu wake ndiye anayepiga gitaa katika kwaya yetu.

Kwa hiyo ukiokoka, usikimbilie kipaza sauti. Kama una kitu cha mtu, rudisha. Kama ulimtukana mama yako, nenda kaombe radhi. Kama kuna msichana uliyempa mimba ukamkana, usimpitie mbali kana kwamba humjui. Mtazame mtoto wako. Watu watakusikiliza kwa macho kabla ya masikio.

SOMO LA NNE: SEMA ULICHOKIONA, USIGOMBANE

Vijana wengi wanaogopa kushuhudia kwa sababu hawajui maandiko mengi. Yule kipofu wa Yohana 9 aliulizwa maswali magumu na wakubwa wa dini. Mengi hakuyajua. Alijua tu kwamba zamani alikuwa haoni na sasa anaona, na jambo hilo hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

Fanya hivi:

(a) Mwombee mtu mmoja kwa jina kabla hujamwendea.

(b) Nenda akiwa na nafasi. Mtu anayevuta wavu au aliyelewa usimhubiri. Mngoje.

(c) Sema kwa lugha anayoielewa moyoni. Kama bibi yako anasikia vizuri Kifipa, mwambie kwa Kifipa.

(d) Sema mambo matatu tu: nilikuwa hivi, Yesu akanifanyia hivi, sasa niko hivi. Usiongeze chumvi. Kama bado unapigana na jambo fulani, mwambie kweli.

(e) Usitukane dini ya mtu. Mwislamu ni jirani yako, Mkatoliki ni ndugu yako, na hata mganga ni mtu ambaye Yesu alimfia. Mkoa wetu watu wa mbali wanauogopa, eti uchawi. Lakini wazee wanasema maana ya jina Sumbawanga ni "tupa uchawi"! Basi sisi tuhubiri kwa upendo, watu wautupe wenyewe.

(f) Akikataa, usimkatae. Endelea kula naye, kumsaidia kuanika dagaa, kumtembelea akiugua. Mimi nilikuwa wa kukataa miaka mingi.

SASA WEWE UNASEMAJE?

Umesoma mpaka hapa. Labda wewe ndiye unayefanana na rafiki yangu kule kwenye mtumbwi. Umeona mtu fulani amebadilika, dada yako au mvuvi mwenzako, na moyoni unauliza, "Kuna nini?" Basi leo nakujibu, kwa sababu siku ile sikujibu: NI YESU. Yeye ndiye aliyenitoa, na wewe anakutaka ulivyo, na harufu ya pombe na hirizi kiunoni.

Usingoje mpaka utakapokuwa mwema. Hapo ulipo, kama umeamua, sema maneno haya kwa moyo wako wote:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimekimbia mbali nawe. Naamini ulikufa kwa ajili yangu ukafufuka. Naacha dhambi, naacha hirizi na waganga, naomba unisamehe. Ingia maishani mwangu uwe Bwana wangu. Nipe Roho wako anipe nguvu ya kusimama. Na mdomo wangu uufungue niwaambie wengine. Amina."

Kama umesali hivyo, haleluya! Tafuta kanisa linalofundisha Neno, mwone mchungaji, usikae peke yako. Anza kusoma Injili ya Marko, sura moja kila siku. Na kabla jua halijazama leo, mwambie mtu mmoja. Mmoja tu. Usiseme kesho, kwa maana mimi nilisema kesho, na meli ikaja.

Ukimaliza, usifungie karanga karatasi hii. Andika hapa chini jina la mtu mmoja unayempenda ambaye hajaisikia habari hii, umwombee, kisha umpelekee kwa mkono wako mwenyewe.

JINA LA MWENZANGU: ........................................

Mungu akubariki.