Kusoma Ramani ya Maziwa ya Minnesota

Kaskazini mwa Minnesota, Marekani, kuna pori liitwalo Boundary Waters lenye maziwa zaidi ya 1,000. Barabara huishia ukingoni. Ndani, baina ya ziwa na ziwa, msafiri hujitwika mtumbwi wake. Ramani huandika urefu wa vijia hivyo kwa rodi, wala si mita. Rodi 1 ni takriban mita 5, karibu urefu wa mtumbwi wenyewe. Basi 180 ni mita 900! Ukidhani ni mita 180, giza litakukuta njiani. Kisha tazama kontua, zile zile za Jiografia. Zikibanana, ni mwinuko mkali. Mimi ningechagua kijia kirefu cha tambarare, maana mtumbwi wa alumini wa kilo 30 mabegani si mchezo, ati! Ukiona alama za kinamasi, tafuta kijia kingine.