Dondoo Muhimu: Kokoto na Mchanga Katika Zege

Aghalabu ajengaye hudhani kwamba nguvu ya zege hutokana na saruji peke yake, ilhali takriban robo tatu ya ujazo wake ni kokoto na mchanga. Kwa hiyo, kabla ya kumwaga msingi, ni wajibu kuyazingatia haya:

• Usafi. Jaza mchanga nusu ya chupa ya kioo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, kisha uiache itulie saa 3. Tabaka la tope litakaloketi juu likizidi sehemu 1 katika 12 za mchanga, mchanga huo haufai mpaka uoshwe.

• Chumvi. Nasi watu wa mwambao tujihadhari na mchanga wa baharini, kwani chumvi iliyomo huila nondo kwa siri, hata kutu ikavimba na kulipasua zege.

• Ukubwa. Chagua kokoto ngumu, kubwa kwa ndogo, ili ndogo zijaze nafasi baina ya kubwa, nao mchanga ujaze zilizosalia, saruji ikabaki na kazi yake ya kugandisha. Kwa nguzo na mihimili, milimita 20 zatosha, zipate kupenya kati ya nondo.

• Vipimo. Pima kwa ndoo moja, wala si kwa sepetu: saruji 1, mchanga 2, kokoto 4 kwa kazi za kawaida, na mvua ikiwa imenyesha, punguza maji, maana mchanga umekwisha kuyabeba.