Ubao: Asili Yake na Tabia Zake

Fahamu, ewe msomaji, ya kuwa asili ya ubao ni utando mwembamba sana, wenye unyevu, ulio baina ya gome na mti wenyewe. Utando huo huzaa pande mbili: kwa nje huzaa ganda la ndani, lipelekalo chakula kutoka majanini hata mizizini, na kwa ndani huzaa mti mpya. Ndiyo sababu mti ukiambuliwa gome lake pande zote hufa, ijapokuwa ubao wake haukuguswa.

Ama ubao una sehemu mbili. Ya kwanza ni ile nyeupe ya nje, ambayo kwayo maji hupanda kutoka mizizini. Ya pili ni moyo wa mti, nao aghalabu una rangi nzito. Moyo haupandishi maji tena. Umeingia mafuta na utomvu ambao wadudu hawaupendi. Kwa hiyo moyo wa mvule hudumu miaka mingi, na weupe wake huliwa upesi. Na moyo wa mpingo ni mzito hata ukitiwa majini huzama.

Tena ubao umefanywa kwa nyuzi mfano wa mirija midogo iliyoshikamana. Mti ukikatwa, kwanza hutoka maji yaliyomo ndani ya mirija, wala ubao haubadiliki. Kisha hutoka yaliyonywewa na kuta za mirija, na hapo ndipo usinyaapo: kwa urefu kadiri ya 1 katika 1,000 tu, lakini kwa upana huweza kufika 8 katika 100. Basi mlango wa mbao mbichi huonekana mzuri siku ya kutundikwa. Baada ya miezi hupindana, ukafanya nyufa, na komeo lisifike tunduni mwake.

Dawa yake ni subira. Mbao hupangwa kivulini, baina yake hutiwa vijiti ili upepo upite, na ncha zake hupakwa rangi au nta, kwa kuwa maji hutoka upesi zaidi nchani, na ndipo paanzapo kupasuka.

Wahenga wamesema, samaki mkunje angali mbichi. Lakini ubao si samaki. Na seremala auzaye mlango mbichi kwa jina la mkavu amefanya ghushi, ijapokuwa mnunuzi hakuona ila siku ile. Basi yampasa muuzaji kueleza mbao zake zimekaushwa muda gani, na mnunuzi asione haya kuuliza.