Mume wangu ana ukoma, mama mkwe anataka nimtenge

*Shangazi, naandika kutoka Mwese, mkoani Katavi. Mume wangu alitokwa na mabaka mgongoni na mkononi, zaidi ya mwaka sasa. Tulidhani ni fangasi, tukapaka dawa za dukani. Siku moja akashika sufuria ya moto, kiganja kikaungua asisikie chochote. Ndipo tukaenda kupima, tukaambiwa ni ukoma. Walimpa dawa, wakasema arudi nyumbani. Mama mkwe amemtengea kikombe na sahani. Anasema zamani watu hawa walipelekwa makambini, iweje huyu alale na watoto? Mume wangu naye ameacha dawa wiki mbili sasa, kwa kuwa mkojo ulitoka mwekundu na ngozi inazidi kuwa nyeusi. Nifanyeje?*

*Mama wa watoto watatu, Mwese*

Pole sana, mwanangu. Nianze na lililo la haraka: mumeo arudi kwenye dawa, na arudi kesho.

Mkojo mwekundu si damu. Ni rangi ya rifampisini, kidonge kimojawapo katika dawa mseto anazopewa. Ngozi inatiwa weusi na klofazimini, na weusi huo hufifia taratibu baada ya kumaliza matibabu. Mngeelezwa hayo siku ya kwanza, asingeogopa. Kulingana na wingi wa mabaka, matibabu huchukua miezi 6 au 12. Ile ya miezi 12 inaruhusiwa kukamilishwa ndani ya miezi 18, kwa hiyo wiki mbili alizokosa hazijaharibu safari. Dawa ni bure. Asilipe hata shilingi.

Sasa tuje kwa mama mkwe. Usigombane naye, maana hasemi uongo. Wagonjwa wa ukoma walitengwa kweli: Sikonge kule Tabora, Kindwitwi kule Rufiji, na kwingineko. Walitengwa kwa sababu dawa ya kuwaponya haikuwepo na watu waliogopa. Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, na dawa mseto zikaanza kutumika nchini miaka ya 1980. Tangu hapo ukoma ukawa ugonjwa wa zahanati na kituo cha afya, mlango ule ule wanakopita mama mjamzito na mtoto wa chanjo. Kwa hiyo waliomwambia mumeo arudi nyumbani hawakumtelekeza. Mwambie mama hivi: "Zamani walipelekwa kambini kwa kukosa dawa. Mwanao anayo."

Mkumbushe na hili. Vimelea vya ukoma husambaa kwa njia ya hewa, kutoka puani na mdomoni mwa mgonjwa ambaye hajatibiwa, tena kwa kukaa naye karibu muda mrefu. Havikai kwenye kikombe. Mwaka mzima mlikula naye bila kujua, naye hakuwa na dawa. Anayemeza dawa huacha kuambukiza mapema sana. Kumtenga leo ni kumwogopa wakati hatari inaondoka.

Hofu yake juu ya wajukuu, hata hivyo, iheshimu. Ukoma huchukua miaka mingi kujitokeza, mara nyingi mitano, wakati mwingine hata ishirini. Watoto wote watatu, wewe, na mama mwenyewe mkapimwe ngozi. Uliza pia kama mnaweza kupewa dozi moja ya rifampisini ya kinga, ambayo Shirika la Afya Duniani limeipendekeza tangu 2018 kwa watu wanaoishi na mgonjwa.

Hapa nawaomba wasomaji wote mnisikilize. Mwaka 2006 nchi yetu ilifikia lengo la chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000. Ni jambo jema, lakini limeleta shida yake: muuguzi anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana na ukoma, naye akaandika fangasi kama mlivyodhani ninyi. Basi ukifika na baka, usiseme "linawasha" au "lina rangi mbaya" tu. Sema, "Hapa sisikii." Kipimo ni chepesi: mgonjwa anafumba macho, anaguswa kwa ncha ya pamba, anaonyesha kwa kidole alipoguswa. Akishindwa kwenye baka na kuweza pembeni yake, lazima achunguzwe ukoma. Mhudumu akisita, mwombe awasiliane na mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya. Kila wilaya anaye.

Mwisho, mlinde mumeo na moto na miiba. Mkono wenye ganzi hauna wa kuuonya. Ashike sufuria kwa kitambaa, avae viatu shambani, kila jioni aloweke mikono na miguu kwenye maji, apake mafuta, na wewe umkague vidonda. Mabaka yakivimba ghafla, mishipa ikiuma au mkono ukilegea, asiache dawa. Akimbilie kituoni siku hiyo hiyo, maana mishipa ikicheleweshwa ndipo ulemavu unapoingia.

Kesho asubuhi msindikize mwenyewe kituoni, mama mkwe akikubali mwende wote. Mkirudi, pakua ugali kwenye sinia moja, na wewe uwe wa kwanza kukaa kando yake.