Chakula kikikudhuru, ni nani wa kujibu?

Msomaji, ukinunua pakiti ya unga jioni ya leo, je, unajua ni nani serikalini aliyehakikisha kwamba unga huo hauna sumu? Wengi watajibu kwamba ni KEBS. Wengine watasema ni Bwana Afya wa mtaa. Kuna watakaotaja Wizara ya Kilimo. Wote watakuwa wamesema kweli, na hapo ndipo shida inapoanzia. Kazi ya kulinda chakula chetu imegawanywa kati ya idara nyingi, na chakula kinapomdhuru mwananchi huwa vigumu kujua ni nani wa kuulizwa.

Mwaka wa 2023 ulichapishwa mswada wa kuratibu usalama wa chakula cha binadamu na cha mifugo nchini. Pendekezo lake kubwa lilikuwa kuundwa kwa afisi moja ya kitaifa itakayosimamia na kuunganisha kazi za idara hizo zote. Katika somo hili tutaangalia kwa nini sheria ya namna hiyo inahitajika, hoja ambazo kila upande wa serikali huwa nazo kuihusu, na mambo ambayo wewe mlaji unapaswa kuyatafuta ndani yake.

Funzo la mwaka wa 2004

Tuanze na ugonjwa. Kati ya Januari na Julai 2004, watu 317 waliugua katika sehemu za Ukambani, hasa Makueni na Kitui, na 125 kati yao wakafa. Walikuwa wamekula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, yakaota kuvu inayotoa sumu iitwayo aflatoksini. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka wa 1981 sumu hiyo hiyo iliwafikisha hospitalini watu 20 wa Machakos, na 12 wakafariki.

Aflatoksini hushambulia ini. Mgonjwa huanza kwa kichefuchefu, kutapika na maumivu ya tumbo. Baadaye macho hugeuka manjano, tumbo hujaa maji na miguu hufura. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo mwilini. Daktari huweza tu kumsaidia mgonjwa huku ini likipigania kupona.

Hatari nyingine hujificha. Anayekula kiasi kidogo kila siku kwa miaka mingi hahisi lolote, lakini anajiweka katika hatari ya kupata kansa ya ini. Hatari hiyo huongezeka mara nyingi zaidi ikiwa mtu pia ana virusi vya homa ya ini aina ya B.

Ni vyema ujue pia kwamba sumu hii haiishi kwa kupikwa. Waweza kusonga sima hadi ikauke sufuriani, na bado sumu itakuwamo. Kwa hivyo kinga haiwezi kuachiwa mpishi. Lazima ianzie shambani, ghalani na sokoni, na huko ndiko sheria inakohitajika.

Wachunguzi walipozuru masoko ya sehemu zilizoathirika mwaka huo wa 2004, walichukua sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake. Zaidi ya nusu zilikuwa na aflatoksini kupita mikrogramu 20 kwa kila kilo, kiwango cha juu kilichoruhusiwa wakati huo. Asilimia 7 zilipita mikrogramu 1,000. Siku hizi kiwango kinachokubaliwa ni mikrogramu 10 pekee. Mahindi hayo yalikuwa yakiuzwa hadharani, sheria zikiwepo na maafisa wakiwepo.

Safari ya gunia moja

Hebu tulifuate gunia moja la mahindi. Likiwa bado shambani, mkulima hushauriwa na maafisa wa kilimo wa kaunti. Dawa ya kuua wadudu anayoipulizia husajiliwa na bodi inayosimamia dawa hizo. Mahindi yakivuka mpaka kutoka nchi jirani, hukaguliwa na KEPHIS kwa upande wa magonjwa ya mimea, na mamlaka ya kilimo na chakula, AFA, nayo ina usemi wake. Mnamo Machi 2021 ni mamlaka hiyo iliyozuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya aflatoksini, kisha siku chache baadaye mpaka ukafunguliwa kwa masharti.

Gunia likifika kwa kampuni ya kusaga, unga unaotiwa kwenye pakiti huwa chini ya KEBS. Novemba 2019 shirika hilo lilipiga marufuku aina tano za unga kwa sababu ya sumu hiyo hiyo. Pakiti ikifika dukani, mwenye duka hupewa leseni na kaunti na hutembelewa na afisa wa afya ya umma.

Lakini gunia hilo hilo likipelekwa kwenye kinu cha kusaga mtaani, mambo hubadilika. Unga unaotoka pale hauna pakiti wala alama ya ubora. Hata kanuni ya mwaka wa 2012 inayotaka unga uongezwe vitamini na madini inahusu unga wa pakiti. Ilhali familia nyingi za mijini zenye kipato cha chini hula unga wa kinuni, kwa kuwa huuzwa kwa bei nafuu na hata kwa vipimo vidogo.

Nyama na maziwa nayo yana wakaguzi wao, na kila bidhaa ina sheria yake. Ile ya afya ya umma ilianza mwaka wa 1921, enzi za ukoloni. Ile ya chakula, dawa na kemikali ni ya mwaka wa 1965. Sheria si haba, lakini ni kama nyumba yenye milango mingi ambayo kila mlinzi amepewa ufunguo wa mlango mmoja.

Hoja za kila upande

Unapoletwa mswada wa kuweka msimamizi mmoja, kila idara huutazama kupitia dirisha lake. Tuzipime hoja hizo kwa haki.

Upande wa afya husema: wagonjwa huletwa kwetu. Ni sisi tunaowazika waliokula sumu, na ni sisi tulio na sheria za afya ya umma. Kwa hivyo usalama wa chakula uwe chini yetu. Hoja hii ina uzito. Hata hivyo, hospitali hupata habari wakati madhara yameshatokea.

Upande wa kilimo na mifugo hujibu kwamba sumu huanzia shambani, katika kuvuna mapema, kuanika chini na kuhifadhi vibaya. Zao likishaharibika, hakuna mkaguzi wa dukani atakayeliponya. Hiyo pia ni kweli. Lakini wizara hiyo hiyo ina jukumu la kumtafutia mkulima soko, na si rahisi mtu mmoja kuwa mtetezi wa muuzaji na pia mkaguzi wake.

Upande wa biashara na viwango hukumbusha kwamba chakula huvuka mipaka. Viwango vyetu lazima vilingane na vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwenye biashara asisumbuliwe na wakaguzi watano, kila mmoja akidai ada yake. Mfanyabiashara mdogo ataunga mkono maneno haya kwa mikono miwili.

Serikali za kaunti nazo husimama juu ya Katiba ya mwaka wa 2010. Orodha ya Nne inazipa kaunti kazi za kilimo, vichinjio, huduma za afya za kaunti, na utoaji wa leseni kwa wanaouzia umma chakula. Hofu yao ni kwamba afisi ya kitaifa yaweza kuwanyang'anya mamlaka na mapato huku ikiwaachia kazi ngumu ya kuzunguka vibandani. Na wale wanaoshika mfuko wa fedha huuliza: je, afisi mpya italeta uwezo mpya, au itaongeza tu mishahara na magari?

Hakuna upande wenye makosa matupu hapa. Yanayobishaniwa zaidi ni mamlaka, ada na bajeti. Mlaji, ambaye ndiye atakayeugua, hana wizara ya kumsemea katika mabishano hayo.

Mambo manne ya kutafuta

Kwa hivyo, mswada wowote wa chakula ukiletwa mbele yako, uutazame kwa jicho la mtu atakayekula. Mimi kama daktari ningetafuta mambo haya manne.

Kwanza, jina la mwenye kujibu. Sheria itaje wazi ni afisi gani itakayoulizwa chakula kikileta madhara, hata kama ukaguzi wenyewe umefanywa na idara nyingine.

Pili, njia ya habari. Daktari wa zahanati akiona watu watatu wa mtaa mmoja wakiwa na macho ya manjano katika juma moja, habari hiyo ifike kwa kaunti, kwa maabara na kwa maafisa wa kilimo upesi. Vivyo hivyo maabara ikipata sumu katika chakula cha mifugo, wenye maziwa waambiwe, kwani ng'ombe akila aflatoksini sehemu yake hutokea katika maziwa tunayowapa watoto. Ndiyo maana ni jambo la busara sheria moja kugusa chakula cha binadamu na cha mifugo.

Tatu, uwezo wa kuondoa chakula kibaya sokoni na kuutangazia umma bila kuchelewa, katika lugha ambayo watu wanaielewa.

Nne, fidia na wanyonge. Mkulima akiambiwa ateketeze magunia yake kumi bila kupata chochote, atayauza usiku. Mwaka wa 2004 sehemu ya suluhisho ilikuwa kuwapelekea watu mahindi salama badala ya yale mabovu. Sheria isiyofikiria fidia, wala vikaushio, wala vipimo vya bei nafuu kwa vinu vya mitaani, itawalinda wanaonunua katika maduka makubwa na kuwaacha wengine.

La kufanya nyumbani

Wakati wabunge wanajadiliana, tumbo halingoji. Ukinunua au ukiletewa mahindi kutoka nyumbani, usikubali yaliyobadilika rangi, yaliyovunjika-vunjika au yenye harufu ya uvundo. Chambua kabla ya kusaga. Mahindi yaliyokauka vyema huwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kama huna kipimo, tia punje chache ndani ya chupa kavu pamoja na chumvi kavu, utikise kwa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado mabichi, yarudishe juani. Yahifadhi juu ya mbao, mbali na ukuta na sakafu.

Usiwape kuku wala ng'ombe mahindi yaliyooza ukidhani umeokoa pesa, kwani yatakurudia kwa njia ya mayai na maziwa. Usile aina moja ya nafaka kila siku. Mtama, wimbi, viazi na mihogo vipate nafasi mezani. Hakikisha mtoto amemaliza chanjo zote, kwa kuwa kinga ya homa ya ini aina ya B imo katika chanjo za watoto wachanga nchini tangu mwishoni mwa mwaka wa 2001. Na mtu yeyote akigeuka manjano macho, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo, na ubebe kiasi kidogo cha unga mliokula.

Sauti yako

Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge lishirikishe umma katika kazi zake. Tangazo la kukaribisha maoni kuhusu mswada linapotokea magazetini, halikuandikiwa mawakili na wakurugenzi wa mashirika pekee. Ukurasa mmoja unatosha. Andika jina la mswada, kifungu unachokizungumzia, unalotaka libadilishwe na sababu yako, kisha umpelekee karani wa Bunge kabla ya siku ya mwisho. Waweza kuandika kwa Kiswahili.

Na kama hujui pa kuanzia, anza na swali hili: mtu wa mtaa wangu akila unga wa kinuni na kuugua, ni afisi gani itakayonijibu, na kwa muda gani? Mswada usioweza kulijibu swali hilo unahitaji kurudishwa mezani.